Usiniambie Bunduki Ipi Ni Kali, Nionyeshe Daftari

Mazee, nianze na ubishi wa Jumamosi iliyopita.

Tulikuwa pale kwa kibanda cha gemu karibu na steji ya Voi. Jua ni lile letu la kuchoma lami, feni inazunguka lakini inatupulizia joto tu. Jamaa mmoja akaapa kwamba bunduki yake ya kwenye simu, tangu aiwekee kile kifaa cha kuongeza nguvu ya risasi, inaua haraka kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Mwingine akamwambia hiyo ni imani tu. Wa tatu akasema aliona video ikithibitisha. Nusu saa nzima watu wanapandisha sauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima.

Mimi huwa natembea na daftari. Ndiyo, nichekeni. Daftari la shule, kurasa 96, limejaa jasho na namba.

Tukafungua rumu ya faragha, simu mbili, bunduki moja. Jamaa akasimamisha mchezaji wake wima, mimi nikawa nampiga kifuani kutoka mahali pamoja, nikihesabu. Mara kumi bila kifaa, mara kumi na kifaa. Kwenye gemu hiyo kila mtu anaanza na uhai 100. Bila kifaa, risasi ya kwanza ilimwacha na 70. Na kifaa, ilimwacha na 67. Kwa hivyo kifaa kinafanya kazi, hakuna aliyedanganya. Lakini kuua? Bila kifaa, risasi 4. Na kifaa, risasi 4. Kibanda kikanyamaza.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Risasi ikitoa 30, tatu zinatoa 90, lazima upige ya nne. Ikipanda hadi 33, tatu zinatoa 99. Tisini na tisa, bana! Adui amebaki na uhai 1, na mwenye uhai 1 bado anakupiga. Mstari wa nguvu kwenye skrini umerefuka kwa asilimia 10, faida kwa mtu mwenye uhai kamili ni sifuri. Na kile kifaa kinakupunguzia mbio. Jamaa alikuwa analipa gharama kila mechi bila kupata kitu. Alihitaji 34, gemu ikampa 33 na mstari mzuri wa kuangalia.

Msimamo wangu basi ni huu, na nitausema wazi: kupima namba ambazo gemu imezificha ni moja ya vitu vya maana kabisa ambavyo watu wa rika letu tunafanya na simu zetu. Wazazi wanaona tunapoteza muda. Mimi naona watu wanajifunza kutoamini mstari uliochorwa. Lakini ujuzi huo una mtego wake, na mtego huo ulimnasa binamu yangu. Nitafika hapo.

Kwanza tuelewane kwamba huu si wazimu wa Voi peke yake. Mnamjua Sylvia Gathoni, yule tunayemwita Queen Arrow. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU kucheza Tekken 7. Mkenya, msichana, kwenye mchezo wa ngumi ambao ukiutazama kwa nje unadhani ni wa kufinya vitufe haraka. Sivyo. Tekken inaenda fremu 60 kwa sekunde, na kila pigo lina idadi yake ya fremu. Ukirusha pigo, mwenzako akalizuia, na pigo hilo likakuacha nyuma kwa fremu 10, ana ngumi ya fremu 10 ambayo haikukosi. Fremu 10 ni sehemu ya sita ya sekunde. Kwa miaka mingi namba hizo wachezaji wamekuwa wakizipima wenyewe, wanaziandika, wanagawiana bure. Halafu mwisho wa 2019 Tekken 7 ikaleta njia ya kuziona namba hizo ndani ya gemu, lakini kwa kuuziwa kando, na watu wengi wakakasirika. Mimi nilichojifunza hapo ni kwamba namba iliyofichwa ni mali. Ingekuwa haina thamani, isingeuzwa.

Na wakati mwingine ukipima unakuta hata uvumi wa mtaa ni wa uongo. Chukua League of Legends. Mtaani utaambiwa, "Usiongeze kinga sana, baada ya 100 haisaidii tena." Watu wanasema hivyo juu wanaangalia asilimia. Kinga ya 100 inapunguza pigo kwa asilimia 50. Kinga ya 200 inapunguza kwa asilimia 67 hivi. Kinga ya 300, asilimia 75. Ukitazama haraka unaona faida inakufa: kwanza 50, halafu 17, halafu 8. Sasa hesabu kwa njia ya kibanda. Mwenye uhai 1,000 bila kinga anabeba mapigo ya 1,000 ndiyo afe. Akiwa na kinga 100, anabeba 2,000. Kinga 200, anabeba 3,000. Kinga 300, anabeba 4,000. Kila kinga 100 inampa 1,000 ile ile! Fomula ni moja, ila ukiisoma kwa jicho la asilimia unauza vifaa vyako bure.

Halafu kuna gemu ambazo kweli faida inakufa, na hawakuambii inakufa wapi. Elden Ring, iliyotoka 2022, ina kipengele kinaitwa Vigor, ndicho kinakupa uhai. Kinapanda hadi 99. Ukikitoa 40 ukipeleke 60, hatua 20, unapata uhai 450 zaidi. Ukikitoa 60 ukipeleke 99, hatua 39, unapata 200 tu. Yaani ukivuka 60 ni kama kumwaga maji kwenye mchanga wa Tsavo. Hakuna bango pale linalosema "rudi". Ni wachezaji walioandika hatua moja baada ya nyingine wakaona mahali mlima unapolala.

Kuna mtu ataniambia, na huwa naambiwa kila nikiposti: "Wewe na hesabu zako mnaua raha. Gemu ni ya kucheza, si mtihani." Naelewa. Kuna raha ya kuvaa kitu kwa sababu kinapendeza tu, na sitamwambia mtu avue. Pia ni kweli kwamba namba zikishajulikana, kila mtu anabeba bunduki moja na mechi zote zinafanana. Hiyo inaniudhi hata mimi. Lakini raha ya kudanganywa ni ya mtu mmoja tu, yule anayekuuzia. Na tusisahau sisi tuko wapi. Mara nyingi seva ziko mbali, risasi yako inasafiri hadi bara lingine ndiyo ihesabiwe. Simu ni ya bei nafuu, saa nane mchana inachemka na picha inaanza kukwama. Siku moja tulidhani bunduki fulani imepunguzwa kasi kwenye toleo jipya. Tulipoirudia jioni, kumepoa, tukakuta ni simu yangu tu ilikuwa inapumua kwa shida. Sasa mtu mwenye mzigo huo wote akiongeza na kifaa kisichomsaidia, atashindaje? Kujua namba ni njia ya mtu asiye na simu kali kupunguza pengo.

Hadi hapa tuko sawa? Sasa tuingie kwa bahati, kwa sababu hapa ndipo mambo yanachafuka.

Gemu nyingi haziachi bahati iwe bahati. Kwenye Dota 2, uwezo ulioandikwa kwamba unatokea kwa asilimia 25 hauanzi na 25. Pigo la kwanza lina nafasi ya kama asilimia 8.5. Likikosa, la pili linapanda hadi 17, la tatu 25.5, linaendelea hivyo hadi utokee, halafu linarudi mwanzo. Ukihesabu kwa muda mrefu unapata 25. Maana yake ni nini? Kwamba huko ndani, ukikosa sana, kweli unakaribia kupata.

Genshin Impact vilevile. Wenyewe wametangaza kwamba nafasi ya kupata mhusika wa nyota 5 kwenye droo moja ni asilimia 0.6, na ukifika droo ya 90 unapewa kwa lazima. Kitu ambacho hawakutangaza, wachezaji walikikusanya wenyewe kwa kuweka pamoja matokeo ya droo nyingi mno: kuanzia karibu na droo ya 74 nafasi inaruka juu ghafla. Watu wa kawaida, kila mmoja na kipande chake cha data, wakachora ramani ya kitu kilichofungiwa ndani.

Na wakati mwingine ramani hiyo inafika kwa serikali. Korea Kusini, gemu ya MapleStory ya kampuni ya Nexon ilikuwa inauza vijiboksi vya kubadilisha sifa za vifaa vyako. Wachezaji walilipia, wakalipia, wakishuku kuna kitu hakiko sawa. Mwaka 2021 kampuni ilipofungua namba, ikaonekana kuna michanganyiko iliyotamaniwa sana ambayo nafasi yake ilikuwa sifuri. Haikuwa ndogo, haikuwepo kabisa! Januari 2024 tume ya ushindani ya huko ikaipiga kampuni faini ya zaidi ya won bilioni 11, na Machi mwaka huo sheria ikaanza kulazimisha nafasi za droo zitangazwe. Kwa hivyo ukimwona mtu ameinama na daftari anahesabu droo, usimcheke.

Sasa binamu.

Ameniruhusu niandike, mradi nisimtaje. Mwaka jana alikuwa na 12,000 za hosteli. Mamake, yaani shangazi yangu, alizipata kwa kuuza pojo na mbuzi wawili. Binamu ni mchezaji mzuri kuniliko, na ndiye aliyenifundisha kuandika kabla ya kupiga. Akaanza mchezo wa kandege, ule wa kamari ambapo kandege kinapaa, namba inapanda, na ukichelewa kutoa pesa kinaondoka nazo. Hakuuingia kama mlevi. Aliuingia kama sisi: na daftari. Akaandika raundi mia mbili. Akaona "mpangilio". Vikianguka chini mara tano, kinachofuata kinapaa juu. Alikuwa anafikiri ni Dota.

Alipopoteza 5,000, mtu fulani kwenye kikundi cha simu akamuuzia programu ya kutabiri kandege kwa 1,500. Akapoteza 3,000 zingine. Ndiyo akaja kwangu usiku, akaketi kwa ngazi za nyuma, akasema, "Kuna kitu sijaelewa kwenye fomula."

Sikumhubiria. Tulifanya kile tunachofanya kibandani. Nikamwambia tusiweke hata shilingi, tutazame tu. Raundi 60. Kabla kandege hakijapaa tunaandika programu imesema nini: kitafika mara mbili ama hakitafika. Halafu pembeni mimi narusha dadu, shufwa kitafika, witiri hakitafika. Tulimaliza saa sita usiku. Programu ilipatia mara 27. Dadu ilipatia 31.

Aliangalia zile safu mbili kwa muda mrefu. Mimi pia sikusema kitu. Programu ya 1,500 imeshindwa na dadu ya ludo ya mdogo wangu.

Dadu haikuwa na akili yoyote. Mmoja wa michezo ya aina hii inayojulikana sana unatangaza wenyewe kwamba unarudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Hakuna siri! Hilo linamaanisha kandege kinafika mara mbili kama mara 48 ama 49 kati ya 100, na kila raundi haikumbuki iliyopita. Hakina huruma ya Dota, hakina droo ya 90. Ukiwa na 100 na kila raundi unaweka yote uliyobaki nayo, baada ya raundi 50 wastani ni kama shilingi 22, na wastani huo wenyewe umebebwa na wachache waliobahatika. Wengi wako kwa sifuri. Na yule muuzaji, kama angekuwa anajua kandege kinaanguka wapi, angetafuta 1,500 za binamu yangu za nini?

Ndiyo maana nasema ujuzi huu una mtego. Gemu zilitufundisha kwamba nyuma ya kila skrini kuna fomula, na mwenye kuipata anashinda. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili si kweli kila mahali. Kuna fomula ambayo ukiijua kikamilifu, yote uliyojua ni kwamba utapoteza. Jaribio la bunduki lilinigharimu chaji na dakika ishirini. Jaribio la binamu lilimgharimu mbuzi wa mamake. Kabla hujapima kitu, angalia jaribio lenyewe linalipiwa na nani. Ukiona anayekupa mtihani ndiye anayekutoza kwa kila jibu, funga daftari.

Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30 nchini. Sawa, ni kitu. Lakini matangazo si ndiyo yaliyomkamata binamu. Kilichomkamata ni kujiona mjanja. Na wajanja ndio sisi tunaosoma posti kama hii.

Nina mjomba aliyewahi kuchimba vito upande wa Kasigau. Mnajua hii kaunti yetu ina tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974, jina la mbuga iliyoko hapa mlangoni petu. Mjomba alikuwa anatoka shimoni na jiwe, anampelekea dalali. Dalali analishika, analiinua juani, anakunja uso, anataja bei. Mjomba hakuwa na mizani, hakuwa na kipimo, hakuwa na mtu wa pili wa kumuuliza. Nilipomuuliza kama aliwahi kupunjwa alinijibu, "Mpwa wangu, hilo ndilo sijui mpaka leo." Hiyo "sijui" ndiyo inaniuma. Ndiyo maana kituo cha vito hapa Voi kina maana kwangu hata kama sichimbi: jiwe lipimwe hapa, mwenye nalo ajue amebeba nini kabla hajataja bei.

Dalali, mstari wa gemu, programu ya kandege, wote wanaishi kwa kitu kimoja: wewe kutopima. Basi pima, lakini upime ukiwa nje ya mfuko wako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika ulichotarajia kabla ya kuona matokeo, juu baada ya kuona kila mtu ni nabii. Rudia mpaka uchoke, halafu rudia jioni simu ikiwa imepoa. Na ukipata namba, usiifungie. Igawe. Ile kazi ya Genshin haikufanywa na fundi mmoja, ilifanywa na umati.

Binamu saa hii anabeba simenti kwa duka la vifaa vya ujenzi, anarudisha pesa kidogo kidogo. Shangazi anadhani hosteli ililipwa. Sijui siku ile atakapojua itakuwaje, na hakuna daftari la kupima hiyo.

Jumamosi niko kibandani tena. Wale wa Mwatate na Wundanyi mnaokuja Voi, pitieni. Kuna bunduki nyingine imetoka, watu wameshaanza kuapa. Njoo na simu yenye chaji, na kalamu yako mwenyewe, juu yangu mliiba.